Ishara ya mkono ya kuomba msaada kimyakimya ukinyanyaswa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wameshaiona hii ishara kwenye video fupifupi huko mtandaoni, wachache ndio wanajua wafanye nini wakifanyiwa wao, na hapo ndipo shida ilipo, kwahiyo majibu mengi hapa chini yanamuhusu yule anaeiona kuliko anaeifanya. Kama uko hatarini sasa hivi hapo ulipo, usikae kusoma, piga namba ya dharura ya nchi yako. Na kama simu unayosomea kuna mtu huwa anaikagua, nenda kwanza kwenye swali la simu, alafu ndio urudi huku juu.

Ishara yenyewe inafanywaje?

Mkono mmoja tu unatosha. Nyanyua mkono, kiganja kimuelekee yule unaetaka aone, vidole vinne vimesimama pamoja. Kunja dole gumba lilale ndani ya kiganja. Alafu shusha vile vidole vinne taratibu mpaka vilifunike gumba, yaani gumba linabaki limefungiwa ndani ya ngumi. Basi, imeisha. Unaweza kurudia mara mbili tatu kama unaona mtu hajashtuka.

Kitu ambacho watu wengi wanakosea ni kushikilia ngumi tu hewani kama picha. Hii ishara ni mwendo, kiganja wazi, gumba ndani, vidole vinafunga, na ule mwendo ndio unaoitofautisha na mtu anaepunga mkono au anaejinyoosha vidole. Unaweza kuifanya ukiwa kwenye video koli huku unaongea habari nyingine kabisa na unatabasamu, unaweza kuifanya mkono ukiwa chini pembeni ya paja, unaweza kuifanya mkono ukiwa nyuma ya mgongo wakati yeye kasimama mbele yako. Haiachi meseji wala rekodi ya simu uliyopiga, na kwa mtu ambae kila kitu chake kinapekuliwa hilo ni jambo kubwa sana.

Inamaanisha nini hasa? Ni "niitie polisi"?

Hapana, si lazima. Maana yake iliyokusudiwa tangu mwanzo ni "nahitaji msaada, nitafute kwa njia salama". Ukiielewa hivyo utafanya vitu tofauti kabisa na mtu aliyeelewa "njoo univunjie mlango". Mtu anaeifanya anaweza kuwa anataka polisi waje, anaweza kuwa anataka tu mtu mmoja ajue kinachoendelea, anaweza kuwa anataka pa kulala wiki hii yeye na watoto, na wewe huwezi kujua ni lipi mpaka umuulize, na kumuuliza kunahitaji akili kidogo kwasababu huenda anaemnyanyasa kakaa hatua mbili kutoka kwenye ile simu.

Nani aliianzisha?

Ni taasisi ya huko Kanada inaitwa Canadian Women's Foundation, waliitangaza Aprili 2020. Kumbuka hali ilivyokuwa kipindi kile, korona imeingia, nchi nyingi zimefunga, watu wameambiwa wakae ndani kwa usalama wao, na kuna watu ambao ndani ndio hakuna usalama, umefungiwa na mtu yuleyule anaekuumiza na kila ukipiga simu anasikia. Mwezi huohuo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisimama hadharani kuomba ukatili wa majumbani usitishwe kwasababu taarifa zilikuwa zinapanda nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kwahiyo wale wa Kanada wakafikiria kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kwenye video koli bila kutoa sauti. Ikachukuliwa na mashirika ya Marekani na kwingineko, alafu watu wa TikTok wakaibeba, na kwa kweli bila TikTok sidhani kama ingefika huku ilikofika.

Kuna mtu kweli ilishamsaidia au ni habari za mtandaoni tu?

Ipo na inajulikana. Novemba 2021, jimbo la Kentucky huko Marekani, dereva mmoja alikuwa barabara kuu nyuma ya gari lingine, akaona binti ndani ya lile gari anafanya ishara kwa mkono. Huyu dereva alikuwa anaijua. Akapiga 911, namba ya dharura ya huko. Binti alikuwa na miaka 16, wazazi wake walishatoa taarifa kwamba hayupo, wako jimbo lingine kabisa, North Carolina, na ishara alikuwa kaijulia TikTok. Polisi wa Laurel County wakalisimamisha gari na mwanaume aliyekuwa anaendesha akakamatwa.

Angalia huyo dereva alichofanya. Hakulizuia gari wala kupiga honi na kumuonyeshea yule mwanaume kwamba nimekuona. Alibaki nyuma, akapiga simu, akawa anawaeleza polisi gari liko wapi. Binti alifanya sehemu yake na mkono, aliyekuwa nyuma akafanya sehemu yake kwa utulivu, na ukiondoa mmoja hapo hakuna kilichotokea. Mimi ndio maana nasisitiza, ishara bila mtu wa kuielewa ni vidole tu.

Rafiki yangu kanionyesha kwenye video koli. Nifanye nini pale pale?

Kwanza sura yako. Usishtuke, usiseme "eeh, hiyo si ile ishara?", usisogelee kamera. Endelea na stori mliyokuwa nayo, hata kama moyo unaenda mbio. Anaemnyanyasa anaweza kuwa hayupo kwenye kioo lakini anasikiliza kila neno.

Kama unaona mazingira yanaruhusu, mtengenezee maswali ambayo jibu lake ni ndio au hapana, na uyafiche kwenye maongezi ya kawaida. Mfano:

"Shoga, ile shughuli ya wiki hii, nikupigie baadae tuipange?"
"Hapana, baadae nitakuwa bize."
"Basi nikuandikie?"
"Mmh, ndio, ila sio huku."
"Sawa, kwa ile nyingine?"
"Ndio."

Hapo umeshajua vitu vitatu, kwamba simu ya sauti si salama, kwamba hii akaunti mnayotumia inaangaliwa, na kwamba kuna njia nyingine anayoiamini. Mwingine mwenye upenyo zaidi unaweza kumuuliza moja kwa moja, "nipige polisi?", "nikutafutie watu wa msaada alafu nikurudie?", yeye anajibu ndio au hapana tu. Akisema hapana kuhusu polisi, muheshimu, isipokuwa umeona kwa macho yako kwamba anaumizwa wakati huohuo.

Simu ikikatika, usianze kumbombadi na meseji za "uko sawa???" "nimeona ishara yako". Hizo ndizo zitakazomtia matatani. Tuma kitu cha kawaida kabisa kinachofungua mlango, "leo umenikumbusha mbali, tuongee ukipata nafasi", alafu subiri. Kama ulikuwa unazoea kumpigia kila siku mbili tatu, endelea hivyohivyo, usibadilike ghafla.

Mkija kupata nafasi ya kuongea wawili tu, sikiliza zaidi ya unavyoongea. Sentensi tatu zinatosha kuanzia: nakuamini, si kosa lako, unataka nikusaidieje. Ile ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwasababu mtu anaenyanyaswa kila siku kuna mtu anamuamulia, avae nini, aongee na nani, atumie hela gani, na wewe ukija na maamuzi yako tayari, hata kama ni mazuri, unakuwa umeongeza mtu mwingine wa kumuamulia.

Na kama ni mtu nisiemjua, kanionyesha barabarani, dukani, kwenye basi?

Hapa huna historia nae na huna nafasi ya kumtafuta baadae, kwahiyo inabidi uamue haraka. Muangalie machoni sekunde moja, tikisa kichwa kidogo ajue umeona. Usiende kumkabili alie nae. Jiangalie na wewe usalama wako, mtu aliezoea kutumia nguvu nyumbani hatashindwa kuzitumia kwako.

Kama kuna sababu halali ya kuwatenganisha hata dakika moja, itumie. Mtu wa mapokezi anaweza kusema "samahani dada, kuna karatasi moja unatakiwa kuijaza mwenyewe huku ndani". Nesi anaweza kusema kipimo hiki mgonjwa anaingia peke yake. Msusi, fundi nguo, mwalimu anaeongea na mzazi, wote hawa wana sababu za kawaida kabisa za kumtoa mtu pembeni bila kuzua maswali, na ndio maana ningependa hii ishara ijulikane kwao kabla ya kwa mtu mwingine yeyote.

Kama hamna namna ya kuwatenganisha na unaona hatari iko wazi, mtu analazimishwa kuingia kwenye gari, mtoto kaogopa, kuna damu, piga namba ya dharura. Shika kichwani vitu vya maana: rangi ya gari na namba yake, wanaelekea wapi, wamevaa nini, wako wangapi. Kupiga picha waziwazi usijaribu.

Sasa polisi nipige au nisipige?

Swali gumu na majibu ya mkato hapa yanaumiza watu. Kama kuna hatari ya sasa hivi, unasikia anapigwa, kuna silaha, kuna mtoto anaumizwa, piga bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama hakuna hatari ya papo kwa papo, muulize yeye kwanza. Kuna mtu ambae polisi wakija wakaongea na mumewe dakika kumi mlangoni alafu wakaondoka, usiku wake unakuwa mbaya kuliko ungekuwa. Yeye anamjua huyo mtu kuliko wewe, anajua kinachomuwasha na kinachomtuliza, amekuwa akihesabu hizo hesabu kwa miaka.

Kitu kimoja naomba ukikumbuke: akikwambia amewahi kukabwa shingo, hata kama hana alama, lichukulie kwa uzito wa juu kabisa. Wataalamu wanaopima hatari ya mtu kuuliwa na mwenza wake wanakiweka kukabwa shingo kwenye dalili mbaya kabisa, pamoja na vitisho vya kuua, kuwepo kwa bunduki na ukatili unaozidi kukua. Na aliekabwa anatakiwa aonwe na daktari hata akijisikia mzima, maana madhara ya ndani ya shingo yanaweza kujitokeza baadae.

Lakini si imeshasambaa, hata wanyanyasaji wenyewe wanaijua?

Wengine wanaijua, kweli. Hili si jambo la kufichana. Mwaka 2015 Uingereza kulikuwa na kampeni ya kuchora nukta nyeusi kwenye kiganja, ikasambaa sana, na lawama ikawa ndiyo hiyohiyo, kwamba imejulikana mpaka kwa watu wasiotakiwa kujua, na nukta ikishachorwa inakaa hapo mkononi anaiona. Hii ya kufunga gumba ina unafuu kwamba inapita kwa sekunde mbili na mkono unarudi kuwa mkono tu.

Ila kama unajua kabisa kwamba yeye anaijua, usiifanye mahali anapoweza kukuona hata kwenye kioo au kwenye kile kiboksi kidogo cha video koli. Bora zaidi mtengeneze ya kwenu, wewe na mtu wako mmoja au wawili mnaoaminiana. Neno ambalo ukilitaja tu wanajua, swali la kijinga kuhusu kitu ambacho hakipo, emoji fulani ambayo huwa hutumii. "Ile sweta yangu ya kijani uliiona?" na wewe huna sweta ya kijani. Mkubaliane mapema neno linamaanisha nini hasa, njoo unichukue, au piga polisi, au chukua watoto shule, kwasababu kwenye presha hakuna atakaeanza kutafsiri.

Simu yangu anaikagua. Nisome vipi haya mambo?

Kama unaweza, tumia simu ya mtu mwingine, ya kazini, ya jirani, au kompyuta ya maktaba. Kama ni hiyohiyo yako, fungua kile kidirisha cha siri cha brauza kisichohifadhi historia, na ukimaliza funga kabisa. Usifute historia yote kwa mkupuo, simu iliyokuwa na historia ya mwezi mzima ikiwa tupu ghafla inaleta maswali, futa zile kurasa chache tu.

Kuna watu wanawekewa programu za kufuatilia bila kujua, unakuta anajua ulipo na ulichoandika bila kushika simu yako. Dalili ni kama anajua mambo ambayo hukumwambia mtu. Ukiigundua usikimbilie kuiondoa, kwasababu akiona imetoka atajua umeshtuka, tafuta kwanza ushauri na uwe na pa kwenda. Angalia pia lokesheni kama umeishea, akaunti ya barua pepe kama imefunguka kwenye kifaa chake, na simu ya mtoto, hiyo watu wanaisahau sana.

Namba ya msaada iseviwe kwa jina ambalo halitamshangaza. Bora zaidi ikae kichwani.

Mimi hanipigi. Naruhusiwa kuitumia?

Ndio. Kuna kuzuiwa kwenda kazini, kunyang'anywa mshahara, kufungiwa ndani, kutishiwa kwamba utanyang'anywa watoto, kulazimishwa tendo la ndoa, kutukanwa mpaka unajiona hufai, kukatazwa ndugu zako. Hayo yote ni ukatili na kwa watu wengi ndiyo yanayotangulia ngumi. Usisubiri jeraha ndio ujione unastahili.

Na hauko peke yako hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye makadirio yake ya mwaka 2021 lilisema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, wanawake kama milioni 736, na wengi wao aliewafanyia ni mume au mpenzi.

Mwanaume anaweza kuitumia?

Anaweza, na mzee anaenyanyaswa na watoto wake, na msichana wa kazi anaeteswa na mwajiri, na mtu mwenye ulemavu anaeteswa na anaemuhudumia. Ukiona mwanaume mzima anafanya hii ishara usicheke wala usifikirie anatania, huenda ni mara yake ya kwanza na ya mwisho kujaribu.

Watoto niwafundishe?

Wafundishe, lakini fundisha na upande wa pili, kwamba wao wakimuona mtu anaifanya wamwambie mtu mzima wanaemuamini, wasiende wenyewe. Na waelewe si mchezo wa darasani. Kama nyumbani kwenyewe ndiko kwenye shida, kuwa makini zaidi, mtoto mdogo anaweza kuifanya mbele ya huyohuyo anaewaumiza akasema "mama kanifundisha". Kwa mtoto wa hivyo afadhali ajue tu chumba gani akimbilie, nyumba ya nani abishe hodi, na namba moja ya kupiga, na ajue wazi kwamba kazi yake si kuja katikati kuamulia.

Kuna njia nyingine kama hizi?

Zipo nyingi na kila moja ina nchi yake. Visiwa vya Canary huko Uhispania mwaka 2020 walianza utaratibu wa mtu kwenda duka la dawa na kuomba "Mascarilla 19", yaani barakoa namba 19, na muuzaji anajua hapo anatakiwa kuita msaada. Brazil wana alama ya X nyekundu kwenye kiganja, ilianza Juni 2020 na mwaka uliofuata ikaingia kwenye sheria ya nchi. Uingereza kuna kumuulizia "Angela" ukiwa baa au klabu, na mhudumu anajua hapo unaomba msaada, kulianzia Lincolnshire mwaka 2016, na Januari 2021 wakaongeza kumuulizia "ANI" kwenye maduka ya dawa. Huko huko Uingereza ukipiga 999, namba yao ya dharura, kwa simu ya mkononi na huwezi kuongea unabonyeza 55 unapoambiwa, unaunganishwa na polisi.

Nimezitaja ili ujue zipo, lakini tafadhali usije ukazitegemea nchi ambayo hazipo. Kubonyeza 55 mahali ambapo hakuna huo mfumo hakukufikishi popote. Tafuta mapema utaratibu wa hapo unapoishi, namba ya dharura ni ipi, namba ya ukatili wa majumbani ni ipi, inapokelewa usiku au hapana, wanapokea meseji au simu tu. Ishara ya gumba yenyewe haitegemei mfumo wa nchi, inategemea tu anaekuona kama anaijua.

Nimemuuliza baadae kakataa, anasema alikuwa anajinyoosha mkono tu. Nimuache?

Usimkomalie. Inawezekana kweli alikuwa anajinyoosha. Inawezekana pia kaogopa, au aliona uso wako umebadilika akajuta, au yule mtu alikuwa karibu ulipomuuliza. Mwambie kitu kama "sawa dada yangu, ila siku yoyote ukitaka kuongea, hata saa nane za usiku, nipo", alafu ubadilishe mada na ubaki karibu kweli. Watu wengi husema mara ya tatu au ya nne, na wanamwambia yule ambae hakuwachoka.

Mbona asiondoke tu?

Hili swali nalijibu kwasababu linaulizwa kila mahali, ila natamani watu wangeuliza mbona huyo mwingine asiache kupiga. Anakaa kwasababu hana hela, ana watoto, hana pa kwenda, ametishiwa, ndugu wamemwambia avumilie, bado anampenda yule mtu alivyokuwa zamani, na kubwa kuliko yote, anajua kwamba kuondoka kwenyewe ndio hatari. Watu wanaofanya kazi hii wanalijua vizuri, kipindi cha kuachana na wiki zinazofuata ndipo wengi wanapoumizwa vibaya zaidi, maana yule mtu anaona amepoteza udhibiti. Kwahiyo ukimsukuma mtu aondoke leo bila mpango, unaweza kuwa unamsukuma kwenye siku mbaya kuliko zote.

Mpango wa kuondoka unakuwaje?

Unapangwa kimyakimya na kwa muda wake yeye. Nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya benki, dawa, funguo za akiba na hela kidogo kidogo, vyote vinaweza kukaa kwa mtu mwingine badala ya begi chini ya kitanda, kwasababu begi likionekana limeshasema kila kitu. Picha za majeraha na skrini shoti za vitisho zitumwe kwa mtu wa kuaminika alafu zifutwe kwenye simu yako. Jua mlango upi unafunguka kirahisi. Ugomvi ukianza usikimbilie jikoni kwenye visu wala bafuni ambako hakuna pa kutokea, sogea kuelekea mlango.

Ukiwa wewe ndio unaemsaidia, usiseme kwa mtu yeyote anakokwenda, hata kwa ndugu zake mwenyewe wanaolia. Wanyanyasaji wengi huwapata watu kupitia shangazi mwenye huruma aliefikiri anawapatanisha.

Nimeona video inasambaa, mtu anafanya hiyo ishara. Niishee?

Hapana, kwanza. Nyingi ni za kuigiza kwaajili ya kuelimisha, lakini kama ni ya kweli, kuisambaza na maandishi mekundu "ANAOMBA MSAADA" kunamfikishia ujumbe yule asietakiwa kujua kabla ya polisi. Kama unamfahamu mtu huyo, mtafute kwa njia salama. Kama humfahamu, ripoti kwa mtandao wenyewe na kwa polisi wa sehemu inayoonekana, alafu mfuate inbox aliepost umuombe aishushe. Kwenye komenti usimtag wala usiandike jina la mtaa.

Niliifanya na hakuna aliyeelewa. Sasa?

Pole sana, najua ilikugharimu kunyanyua huo mkono. Usichukulie kwamba wamekupuuza, wengi hawaijui. Chagua mtu mmoja, sio lazima awe wa karibu sana, wakati mwingine mfanyakazi mwenzako anafaa kuliko dada yako, na siku ambayo uko nae peke yako mwambie kwa maneno, hata sentensi moja, "nyumbani siko salama". Huna haja ya kueleza yote. Nesi au daktari ni mtu mzuri kuanzia nae kwasababu unaweza kuonana nae peke yako na hakuna atakaeshangaa umeenda hospitali. Huyo mmoja akishajua, mfundishe ishara, mkubaliane ukiifanya tena afanye nini, ampigie nani, na asubiri kwa muda gani kabla ya kupiga.